Runinga imeona kwa macho gani?

SWALI: Fundi, mwanangu, habari za kazi? Wajukuu wameniletea runinga mpya ya intaneti. Juzi nilichomeka flashi yenye harusi ya binti yangu, nikaitazama peke yangu. Mjukuu mmoja ananicheka, eti runinga nayo "imetazama". Haina kamera, nimeikagua mbele na nyuma. Imeona kwa macho gani?
Bibi wa Wajukuu Watatu

JIBU: Shikamoo bibi. Mjukuu anakutania, lakini hajakosea sana. Runinga nyingi za siku hizi zina programu inayodokoa vipande vya picha inayopita kwenye kioo, inavigeuza kuwa alama, mfano wa alama ya kidole, kisha alama hizo zinalinganishwa na ghala la filamu na vipindi. Kamera ya nini, na picha inapita tumboni mwake? Ndiyo maana haijali umetumia kisimbuzi, deki au flashi. Harusi ya binti yako haimo ghalani, kwa hiyo hapo itaambulia patupu. Tamthilia yako ya jioni ndiyo itakayojulikana, pamoja na dakika uliyochoka ukaizima.

Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwa kukusanya taarifa za namna hiyo kupitia runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe, na kuziuza. Kwenye menyu ya runinga hizo, maelezo ya kipengele kilichofanya kazi hiyo yalisema tu kwamba kinaleta ofa na mapendekezo ya vipindi. Nani angekizima?

Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya faragha au masharti, uzime chochote kinachotaja taarifa za utazamaji au utambuzi wa vipindi. Jina hubadilika kila kampuni, na mara nyingine kimefichwa menyu tatu ndani. Kisha rudi ukague kila baada ya sasisho. Kwenye runinga yangu nilikizima kwa mkono wangu. Miezi miwili baadaye nikakikuta kimewashwa tena, nami nina rimoti mkononi kama mlinzi aliyekuta lango wazi.

Ila kama wewe ni mtu wa flashi na kisimbuzi, itoe runinga kabisa kwenye Wi-Fi, ikose njia ya kutuma alama hizo. Picha zitatoka vilevile. Wajukuu wakilalamika kuwa YouTube imepotea, waambie wakatazame kwenye simu zao. Mambo ya simu, bibi, niandikie barua nyingine.