Kabla Hujalipia Maabara, Uliza Watayeyusha kwa Asidi Gani

Kila kiangazi wanafunzi wa uzamili hunipigia simu, viroba vya udongo vikiwa tayari kwenye buti, wakiuliza kupima sampuli moja ni shilingi ngapi. Nami huwauliza: unataka kuyeyusha nini? Wengine hudhani nawazungusha.

Udongo mwingi wa hapa Dodoma umetokana na miamba mikongwe ya graniti, na ndani yake kuna zirkoni (madini yanayobeba zirkoniamu) na madini mengine yasiyokubali asidi kirahisi. Uyeyushaji wa bei nafuu hutumia asidi ya hidrokloriki na ya nitriki, tatu kwa moja. Kwa huo, zirkoni haiguswi, kromaiti (madini ya kromiamu) karibu haiguswi, na sehemu kubwa ya feldspa, madini makuu ya graniti, hubaki chini ya chupa. Kwa hiyo zirkoniamu utakayosomewa ni ya kile kilichoyeyuka tu. Maabara haijakosea, imefanya ulichoagiza. Kama unafuatilia risasi au shaba iliyotoka kwenye gereji, mchanganyiko huo unafaa, maana metali zilizoletwa na shughuli za watu kwa kawaida hushika juu ya chembe badala ya kujifungia ndani ya fuwele.

Majivu ya volkano yana mitego zaidi. Huku kwetu hakuna mlima unaotema moto, ila sampuli za Ol Doinyo Lengai hutufikia. Ukitaka kujua majivu ni ya mwamba wa aina gani unahitaji silika, na asidi ya hidrofloriki, ile inayomaliza karibu kila kitu, huigeuza silika kuwa gesi ikapaa. Omba XRF, yaani kipimo cha miale ya eksirei, sampuli ikiwa imeyeyushwa kwa moto pamoja na borati ya lithiamu. Lakini kama wasiwasi wako ni floraidi kwenye malisho ya ng'ombe, achana na asidi kabisa. Tikisa gramu 1 ya majivu kwenye mililita 20 za maji safi kwa saa moja, chuja, upime maji yale. Na uwahi kabla ya mvua. Lava ya Lengai imejaa kabonati za sodiamu. Hutoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Majivu ya mlipuko wa 2007 ukiyazoa leo mahali palipo wazi, kilichokuwa kinayeyuka kwenye maji kilishaondoka zamani.

Shambani nina ukali ambao vijana hawaupendi. Sepetu ya mabati hapana, inaongeza zinki. Pete vueni. Kaa mbali na kichuguu kama unachunguza udongo wa juu, kwa sababu mchwa hupandisha udongo wa chini kabisa (watafuta dhahabu huupenda kwa sababu hiyohiyo). Chekecho liwe la nailoni. La shaba nyeupe litakuachia shaba na zinki. Udongo huchekechwa kwa milimita 2. Kwa mashapo ya bwawa kama Hombolo mimi huchukua chembe zilizo chini ya mikroni 63 (milimita 0.063), la sivyo utakuwa unalinganisha mchanga wa mahali pamoja na tope la pengine. Hata baada ya hapo, gawanya kiasi cha kila metali kwa kiasi cha alumini ya sampuli hiyohiyo ndipo ulinganishe. Kinu cha kabidi ya tungsteni kinasaga haraka, ila chenyewe huachia kobalti, kwa hiyo kobalti utakayosomewa usiiamini.

Bahi na Manyoni ni maeneo yaliyowahi kutafutwa urani, kwa hiyo usikimbilie kuandika "uchafuzi" eti kwa sababu urani imezidi wastani wa dunia uliousoma kitabuni. Chimba na mahali ambapo hapajaguswa, kwenye mwamba uleule, ulinganishe na hapo.

Fedha ikiwa ndogo, punguza vituo, usipunguze sampuli rudufu, yaani nakala ya pili ya sampuli ileile. Ndani ya kila kundi weka rudufu, chupa tupu iliyopitia hatua zote, na sampuli ya rejea yenye viwango vilivyothibitishwa, zote kwa namba za kawaida ili maabara isizitambue. Rejea ikisoma pungufu sana, rudisha kundi zima, wala usione aibu. Matokeo yakija na alama ya "chini ya", usiandike sifuri. Andika kiwango kile cha chini ambacho mashine inaweza kusoma, uombe na jina la njia iliyotumika, kwa maandishi, kabla hujamaliza malipo.