Gego la chini: kwa nini tundu hutoka pembeni ya mzizi

Docta, umeuliza kama kiolezo cha kuchapisha (kifaa cha plastiki kinachokaa juu ya meno na kuongoza kutoboa mfupa) kinafaa hapa Bukavu kwa kukata ncha ya mzizi wa gego la chini, na kwa nini tundu linaweza kukosea wakati kompyuta ilionyesha sawa. Kinafaa sana, hasa gego la pili: pale mfupa wa upande wa shavu ni mnene na ncha imelalia upande wa ulimi, mara nyingi karibu na mfereji wa neva.

Kosa huanzia kwenye kuunganisha picha. Taji na amalgamu (kijazo cha chuma cha jino) hutawanya miale kwenye CBCT (picha ya eksirei ya pande tatu). Ukizitumia kuoanisha na skani ya mdomo, kiolezo kizima kinahama. Chagua alama kwenye meno yasiyo na chuma, kushoto na kulia, kisha kagua kipande baada ya kipande kama mstari wa jino unalingana. Vokseli (nukta ndogo kabisa ya picha ya CBCT) isizidi milimita 0.2.

Kikate kiolezo madirisha mawili au matatu juu ya meno. Ukiona uwazi mwembamba kama unywele kati ya rezini (plastiki ya kiolezo) na jino, usitoboe. Kijaribu kabla ya kufungua fizi na baada yake, maana fizi iliyojikunja chini hukinyanyua. Rezini isiyokomaa hupinda ndani ya otoklavu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), basi fuata dakika za mwanga alizoandika mtengenezaji. Na umeme ukikatika katikati ya kuchapisha, kitupe kile, anza kingine.

Ukingo wa trefini (msumeno wa duara wa kutoboa mfupa) ubaki angalau milimita 2 juu ya mfereji wa neva. Kizuizi cha kina nacho kipimwe hadi uso wa mzizi wa upande wa ulimi: kikiwa kifupi, nusu ya mzizi inabaki haijakatwa, nawe utadhani umemaliza.

Bomba la kiolezo huzuia maji ya kupoza, na mfupa huumia ukifika 47°C kwa dakika moja tu. Ingiza, toa, ingiza tena, msaidizi akimwaga seramu (maji ya chumvi) baridi tunduni kwa sirinji.

Ukishatoa milimita 3 za ncha, weka kiolezo kando. Paka bluu ya methilini (rangi ya kuonyesha mifereji), kausha, tazama kwa darubini: kwenye mzizi wa mbele wa gego la kwanza, mara nyingi utaona kistari cha bluu kikiunganisha mifereji miwili ya mzizi. Chimba kistari chote kwa ncha ya ultrasoniki (inayotetemeka kwa kasi), kina milimita 3, ndipo uzibe kwa MTA (saruji ya kuzibia mzizi). Ukiziba mashimo mawili na kukiacha kistari, usaha utarudi.