Dude la mtoni ni la kweli?
Swali: Mhariri shikamoo, juzi kwenye kibanda cha video hapa Kampala VJ alitufasiria muvi ya Korea, dude linatoka mtoni linabeba msichana, akasema ni stori ya kweli, wenzangu wakabisha. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hiyo ni The Host ya mwongozaji Bong Joon-ho, 2006. Dude ni la kutunga ila ule mwanzo wa kumwaga kemikali kwenye sinki una ukweli, mwaka 2000 kambi ya jeshi la Marekani pale Seoul ilimwaga formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, ikaelekea mto Han na Wakorea walikasirika kwelikweli. Mimi lakini kinaniuma kile kifamilia cha yule msichana, wauza vitafunio, serikali haiwasikilizi wanamtafuta mtoto wenyewe, jamani nililia.