Mshauri Wangu Haniambii la Kufanya

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Mombasa. Tangu mama yangu alipofariki, kaka zangu wananitaka niache kazi nirudi Lamu nikamwangalie baba, ilhali mume wangu hataki hata kulisikia jambo hilo. Rafiki yangu alinielekeza kwa mshauri nasaha anayezungumza na wateja kwa simu ya video. Hunisikiliza vizuri, lakini nikimwuliza nifanye nini, hanijibu. Juzi nilimwuliza waziwazi: nirudi Lamu au nibaki? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Naona kama lolote utakaloamua, kuna mtu utakayejiona umemtupa.” Nililia, lakini tulipoagana sikuwa na jibu. Je, huu ndio ushauri ninaoulipia, au ananirudishia maneno yangu kama kasuku? Na je, tungekuwa tunaonana ana kwa ana, mambo yangekuwa tofauti?
Mama Wawili, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu, na pole sana kwa kufiwa na mama. Nianze na sentensi hiyo iliyokuliza. Wewe ulimwuliza kuhusu kurudi au kubaki. Habari ya kumtupa mtu hukuitaja katika swali lako. Yeye ndiye aliyeisikia ikiwa imejificha chini ya swali, akaitamka taratibu ili uone kama ndivyo ilivyo, na machozi yako yananionyesha kwamba hakukosea sana.

Kwa jinsi unavyomweleza, mshauri wako anafuata njia inayomweka mteja mwenyewe katikati, ambayo mwasisi wake ni mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers (1902–1987). Rogers hakuanza hivyo. Alipokuwa akihudumia watoto wenye matatizo mjini Rochester, katika jimbo la New York, alikuwa mtaalamu wa kuwaeleza watu kasoro zao. Yeye mwenyewe amesimulia habari za mama mmoja aliyekuwa na mtoto mtundu kupindukia. Rogers aliamini kwamba chanzo ni mama huyo kumkataa mwanawe tangu utotoni, na kikao baada ya kikao alijaribu kumfanya alione hilo, asifanikiwe. Mwishowe akamwambia kwamba wote wawili wamejitahidi na wameshindwa, basi waachane. Mama akakubali, wakapeana mikono, akaenda hadi mlangoni, kisha akageuka na kuuliza kama pale huwa wanapokea pia watu wazima. Alipojibiwa kwamba ndiyo, akarudi kitini akaanza kumwaga yaliyokuwa moyoni, hasa masikitiko ya ndoa yake, mambo ambayo hayakufanana kabisa na maelezo makavu aliyokuwa akiyatoa hapo awali. Msaada wa kweli ulianza hapo, na mtoto naye akafaidika. Rogers alijifunza kwamba mtu mwenye maumivu ndiye anayejua panapouma na upande upi wa kuelekea.

Mwaka 1957 aliandika makala akitaja masharti ambayo, kwa maoni yake, yakitimia mtu hubadilika. Yaliyo mashuhuri ni matatu: mshauri awe mkweli bila kujificha nyuma ya cheo chake, amthamini mteja bila kumwekea masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kama mteja anavyoyaona, pasipo kuusahau upande wake mwenyewe. Lakini lipo sharti jingine ambalo husahaulika, nalo linakuhusu wewe moja kwa moja: kuthaminiwa huko na kueleweka huko lazima kumfikie mteja, walau kwa kiasi kidogo. Mshauri anaweza kukujali kwa moyo wake wote, lakini kama hulihisi hilo, kazi haijafanyika.

Kwa hiyo, dada, manung’uniko uliyoniandikia mimi yapeleke kwake. Mwambie: “Nikikuuliza usiponijibu, najiona nimeachwa peke yangu.” Akiwa mshauri mzuri hatakasirika wala hatajitetea, atataka kulielewa hilo, na huenda mazungumzo hayo ndiyo yakafungua lile la kaka, mume na baba, kwa maana hata huko naona unabeba mzigo ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeushika. Akikujibu kwa kuyarudia maneno yako tu, neno kwa neno, basi hapo una haki ya kutafuta mwingine. Rogers mwenyewe alisikitishwa na washauri walioigeuza njia yake kuwa mchezo wa kurudia maneno, na mwaka 1986, mwaka mmoja kabla hajafa, aliandika kwamba yeye alipozungumza hivyo alikuwa akihakiki tu kama amemwelewa mteja.

Niongeze jambo ambalo baadhi ya wafuasi wa njia hii hulikosea, kwa maoni yangu. Kutokukuamulia si ruhusa ya kukuficha taarifa. Ukitaka kujua haki zako za likizo kazini, au kama mzee anaweza kupata mtu wa kumhudumia nyumbani, mshauri akueleze anachokijua au akuelekeze kwa anayejua. Na kama humo ndani kuna vipigo au vitisho, usalama wako hutangulia mengine yote.

Kuhusu video, katika makala ile ya Rogers ya mwaka 1957 sharti la kwanza kabisa ni watu wawili kufikiana kisaikolojia, yaani kila mmoja kuwa na uzito mbele ya mwenzake. Hilo linawezekana kwa simu, lakini hapo ulinzi wa faragha, ambao kwa kawaida ungekuwa kazi ya mshauri na ofisi yake, unakuangukia wewe kwa sehemu kubwa. Je, unapozungumza naye mume yuko chumba cha pili? Watoto wamelala? Mwanamke anayenong’ona kwa kuhofia ukuta hawezi kusema yaliyo mazito. Tafuta mahali pengine, hata nyumbani kwa huyo rafiki yako, na mpatane mapema na mshauri nani atampigia mwenzake mtandao ukikatika katikati ya maneno mazito. Tena hakikisha amesajiliwa, kwa kuwa Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na kumwuliza mtu namba yake ya usajili si utovu wa adabu.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Usiku nikikosa usingizi huiandikia programu ya akili mnemba katika simu, nayo hunijibu kwa upole kuliko watu wengi. Je, huo si ushauri nasaha ule ule?
Kijana wa Chuo, Dodoma

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA, ambayo iliweza kuiga mshauri wa mtindo wa Rogers kwa kugeuza sentensi za mtu kuwa maswali. Haikuelewa lolote. Hata hivyo katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alipoijaribu alimwomba atoke chumbani ili abaki nayo faraghani, na jambo hilo lilimshtua sana Weizenbaum. Programu za leo zina ufasaha mkubwa zaidi, nami sikulaumu kwa kupata nafuu humo. Ninachokitilia shaka ni kwamba upole huo haumgharimu mtu yeyote chochote, wala hakuna atakayekesha akikuwaza usipoonekana kesho.

Kama katika kukosa usingizi huko kuna mawazo ya kufa, mwambie mtu leo hii na uende hospitali, usingoje kikao cha mtandaoni. Kama sivyo, nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwako. Ukishindwa pa kuanzia, soma tena uliyoyaandika usiku, chagua sentensi mbili tatu ambazo hujawahi kumwambia binadamu, uzinakili katika karatasi na umkabidhi mshauri huyo aisome mbele yako.