Usiiache tretinoini katika wiki ya tatu

Dada yangu, umeeleza kwamba tangu uanze kupaka tretinoini, dawa ya chunusi, ya nguvu ya 0.025%, wiki ya tatu sasa, uso unabanduka na chunusi zimezidi. Usiiache bado, kwa kuwa dawa hii huharakisha kujijenga upya kwa ngozi na kuziibua chunusi zilizokuwa zikijitunga chini, na nafuu huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Paka kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, usiku mmoja ukipaka na mwingine ukipumzika, juu ya ngozi iliyokauka vizuri. Kwa kuwa unashinda juani katika soko la samaki la Mwaloni ukianua dagaa, kofia pana na losheni ya kukinga jua ni lazima. Ukitafuta ujauzito, iache kwanza, umwone daktari.