Haki zenyewe tunazijua, nani atakaa benchi?

Gazetini mmeuliza wiki hii: "Ukisimamishwa na polisi barabarani, je, unazijua haki zako?" Mimi nina duka la spea za pikipiki hapa Malindi, pwani ya Kenya, upande wa Maweni, na swali lenu nililisoma kwa sauti mbele ya vijana wa bodaboda wa steji. Wakacheka. Mmoja akanijibu, "Mama, haki tunazijua kumshinda afande."

Hakutia chumvi. Vijana hawa watakutajia kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 kama wanavyotaja bei ya petroli: kubeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, faini ni shilingi 1,000, abiria kukaa bila helmeti 1,000, kuzungumza na simu huku unaendesha 2,000, na mwenye gari asiyefunga mkanda 500. Wanajua kuwa pesa hizo hazilipwi mkononi kando ya barabara. Wanajua hata kuwa Sheria ya Hongo ya 2016 inambana anayetoa sawasawa na anayepokea, ingawa hiyo hawapendi kukumbushwa. Kisha noti ya mia mbili inakunjwa mpaka inakuwa kama kokwa ya tende, mkono unapeanwa, na safari inaendelea.

Kwa hivyo mniwie radhi, swali lenu nitaligeuza kidogo. Mtu anayeijua haki yake anashindwa na nini kuitumia? Nilipokaa kuandika jibu langu lilikuwa fupi: anashindwa na muda. Pikipiki ni ya mkopo, rejesho ni la kila siku, na korti itakula asubuhi nzima. Mpe mtu huyo Katiba nzima, bado atatafuta mia mbili. Mafunzo ya haki tunayofanyiwa kila mara, yenye soda na fulana, niliyaona ni kazi bure.

Lakini ngojeni niwaeleze ya mpwa wangu.

Alikamatwa siku ya Ijumaa baada ya laasiri, akitoka upande wa Ganda na abiria wawili, mama mmoja na binti yake, pamoja na gunia la mahindi. Helmeti ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Kosa halina ubishi na mimi simtetei. Wale abiria waliteremshwa wakaambiwa watafute usafiri mwingine, na walikuwa na bahati, maana kwa sheria hata wao walikuwa na faini yao. Kilichomponza kijana ni mdomo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na katika haki zote hiyo ndiyo aliyoitupa ya kwanza. Alimwambia afande maneno ambayo gazeti lenu haliwezi kuyachapisha. Njiani akasikia kwamba sasa hashtakiwi kwa mshikaki, anashtakiwa kwa kuzua rabsha.

Kituo alichopelekwa sikitaji. Nilifika kabla ya magharibi, nimefuatana na jirani yetu mmoja, mtu mzima sana, ambaye mtaani tunamwita Bi Mkubwa na hapa nitamwita hivyohivyo. Afande wa kaunta hakuinua uso. "Mama, rudi Jumatatu. Korti imefungwa."

Sasa, hapo hakudanganya. Watu wengi wameshika ile habari ya saa 24 wakaacha mkia wake. Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini zikiishia nje ya saa za korti, au siku ambayo korti haikai, basi muda unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa jioni inaogopwa kiasi hiki. Alichonyamazia afande ni kwamba kifungu hichohicho kinakataza mtu kuzuiliwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Mshikaki ni faini. Rabsha, kwa mujibu wa Sura ya 63, yaani Kanuni ya Adhabu, ni miezi sita. Hata ungemshtaki kwa yote mawili, hapakuwa na haja ya kumlaza.

Nilimwambia. Kwa heshima, lakini nilimwambia. Akaniuliza, "Wewe ni wakili?" Nikasema mimi ni muuza spea. "Basi kaa kwenye benchi, muuza spea."

Benchi lenyewe ni la mbao, mguu mmoja mfupi, kila anayeinuka linampiga mwenzake. Mbu tele. Ukutani palikuwa na bango kubwa linalosema huduma zote za polisi ni bure, na dhamana ni bure, na chini yake kuna kijana amelala sakafuni anasubiri ndugu zake walete pesa. Nilikaa nimenuna. Bi Mkubwa hakununa. Alitoa tasbihi yake, akavuta nyuradi kidogo, kisha akainuka polepole akaenda kaunta.

"Mwanangu, yule kijana wetu ameandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio?"

"Ameandikwa, bibi."

"Kaandikwa kosa gani?"

Afande akafunuafunua kile kitabu, akasema ataangalia. Bi Mkubwa akashukuru, akarudi kukaa, benchi likanipiga. Baada ya muda akainuka tena. "Mwanangu, hukunisomea." Hakutaja Katiba, hakutaja kifungu, sidhani kama anajua kuna vifungu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia kitoweo sokoni. Walipobadilishana zamu, aliyeingia ni afande wa kike, akamwuliza, "Bibi, umekula?" Akajibu, "Nitakula nikisomewa, mwanangu." Yule dada akacheka, akafungua kitabu akasoma. Kilichoandikwa ni kubeba abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki. Rabsha haikuwamo. Ilikuwa ya mdomoni tu, ya kumtisha kijana ili wazee wake walainike.

Baada ya isha mkuu wa kituo akapita. Bi Mkubwa akasimama, na ukimwona mtu wa umri ule anasimama kwa taabu huwezi kumpita. Nikapata nafasi ya kusema maneno yaleyale yaliyoniletea kejeli mapema, na safari hii yakasikika. Kijana akatoka kwa dhamana ya pesa taslimu, zile za kurudishiwa baadaye, nikaomba risiti, nikapewa.

Jumatatu alisomewa shtaka moja, akaulizwa ni kweli au si kweli, akasema ni kweli. Alitozwa faini, akalipa, akarudi steji kabla ya adhuhuri. Ile asubuhi nzima niliyosema korti inakula, haikuisha.

Kwa hiyo huku nikiandika naanza kusita. Kama nisingekijua kile kifungu, ningemwambia nini mkuu wa kituo? Ningelia, pengine. Lakini kama Bi Mkubwa asingeuliza "kaandikwa kosa gani" mpaka asomewe, kifungu changu kingebaki pale benchini pamoja nami hadi Jumatatu. Siwezi kuvitenganisha. Ninachoweza kusema ni kwamba yale mafunzo ya soda na fulana nimeyaonea kiasi. Tatizo lake ni kwamba wanaalikwa vijana, na anayekamatwa akishatiwa ndani hana simu, hana mkanda, hana viatu. Wa kufunzwa ni shangazi, ni mama mkwe, ni jirani asiye na haraka.

Na hukumu yangu? Mtashangaa. Kama ni mshikaki na kweli ulibeba, usibishane barabarani, nenda korti useme ni kweli, lipa. Hilo nalisema kwa makosa madogo ya trafiki tu. Kwa rabsha, au kosa lolote la jinai ambalo hukulitenda, usiseme ni kweli eti uwahi kurudi kazini. Nusu ya vijana wetu wanataka kwenda Saudia au Qatar kuwa madereva na walinzi, na huko wataulizwa cheti cha tabia njema. Hukumu ya jinai inaweza kukutokea hapo miaka mingi baadaye, na hakuna mwajiri atakayekaa kusikiliza kwamba ulikuwa na haraka ya rejesho la pikipiki. Sema si kweli, na kama Kiswahili cha korti kinakupita, omba mkalimani. Ni haki yako, na humlipi.

Yote haya yanamhusu mwenye mtu wa kumfuata kituoni. Kijana wa bara aliyekuja juzi kutafuta kibarua, asiye na shangazi Malindi, sina jibu lake.

Ile dhamana tulirudishiwa baada ya kwenda na kurudi na risiti mkononi. Wengi huiacha hukohuko wakidhani ndiyo faini. Hilo nalo mliulize wiki moja.