Kabla ya Kuniuliza Uhifadhi Wapi Bitcoin Zako, Niambie Nani Anajua Unazo

Mteja mpya akija kwangu, swali lake la kwanza huwa lile lile: programu gani nzuri ya kuhifadhia Bitcoin au USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola)? Nami humjibu kwa swali. Nani anajua kwamba unazo? Hapo wengi husita, kisha orodha inaanza: mama watoto, shemeji, wenzake wa chama, kijana aliyemfungulia akaunti pale saiba, na kundi zima la WhatsApp alikotuma picha ya faida siku bei ilipopanda.

Mimi hubadilisha USDT kwa shilingi hapa Nakuru, hasa na vijana wanaolipwa kripto kwa kazi za mtandaoni. Nimeona watu wakipoteza pesa kwa njia nyingi, na sijaona hata mmoja ambaye mwizi alivunja hesabu za siri zinazoilinda Bitcoin yenyewe. Wezi hawana haja ya kuhangaika na hesabu hizo wakati mwenye mali yuko karibu na simu yake iko mfukoni.

Nianze na laini ya simu, kwa sababu huku kwetu ndiko mengi yanakoanzia. DCI, wapelelezi wa polisi, wamelitaja jina la mji wa Mulot katika kesi za kubadilisha laini mara nyingi kiasi kwamba hata mkulima wa huko anayeuza maziwa yake kwa amani huchekwa akitaja kwao. (Si haki, lakini ndivyo ilivyo.) Mbinu yenyewe haina maajabu. Mtu anakusanya jina lako kamili, nambari ya kitambulisho na mwaka wako wa kuzaliwa, kisha anamdanganya au anamhonga mhusika wa kampuni ya simu ili apewe laini mpya yenye nambari yako. Simu yako inapoteza mtandao. Wewe unadhani mnara umeharibika, unalala, na yeye usiku kucha anapokea nambari za uthibitisho zinazotumwa kwa SMS: za barua pepe, za akaunti ya kripto, za benki. Kule Marekani, mwekezaji Michael Terpin aliibiwa sarafu za takriban dola milioni 24 kwa njia hiyo mwaka 2018. Mwalimu wa Molo mwenye dola mia tisa anaibiwa vivyo hivyo, ila yeye haandikwi gazetini.

Ukiwa Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe na wakala yeyote wa mtaani. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimeketi na wateja waliokuta nambari wasizozijua kabisa. Lakini hayo yote ni kufunga mlango wa mbele tu. La maana zaidi ni kuondoa SMS kabisa katika ulinzi wa barua pepe na akaunti ya kripto. Tumia programu inayotengeneza nambari za uthibitisho ndani ya simu yako, au ufunguo wa kuchomeka wa USB kama mali ni nzito. Na mtandao ukikupotea ghafla huku majirani wanao, usingoje asubuhi. Azima simu ya mtu mwenye Safaricom, upige 100.

Kuhusu wanaopiga simu wakisema laini yako itafungwa leo jioni, sina mengi. Kata simu, kisha piga 100 mwenyewe.

Biashara ya P2P, yaani kuuziana sarafu mtu kwa mtu, ina hatari yake, na hapa niko nyumbani. Anayenunua sarafu zako kwa M-Pesa anapata jina lako na nambari yako, na ukimuuzia za dola elfu tatu, anajua pia uwezo wako. Ndiyo maana nina laini ya kazi peke yake. Haijaunganishwa na barua pepe, wala benki, wala WhatsApp ya familia. Jina langu bado linaonekana, maana usajili ni wa kitambulisho, lakini ile nambari haimfikishi mtu popote.

Tena, SMS ya malipo si malipo. Ujumbe wa kughushi hufanana na wa kweli hadi nukta, kwa hiyo fungua M-Pesa uangalie salio lenyewe kabla hujaachilia sarafu. Angalia na jina. Kama akaunti ya mnunuzi ina jina moja na pesa zimetoka kwa mtu mwingine, simama hapo hapo. Mara nyingi huyo wa tatu ametapeliwa mahali, naye atatuma ujumbe kwa 456 kuomba pesa zake zirudishwe. Wakati huo USDT zako zimekwenda zisikorudi, na maswali ya polisi yanakuja kwako, si kwa tapeli.

Kukutana ana kwa ana sipendi. Kuna mteja aliyesisitiza tuonane usiku, pesa taslimu, katika hoteli moja njia ya Lanet, na bei aliyotoa ilikuwa tamu kuliko ya soko. Nilimwambia sawa, ila tuonane ndani ya benki saa nne asubuhi, mashine ya kuhesabu noti ipo na askari yuko mlangoni. Hakujibu tena mpaka leo.

Sasa yale maneno 12 au 24 unayopewa unapofungua pochi yako, yaani programu au kifaa cha kutunzia kripto. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali, hata kama hajawahi kuiona simu yako. Usiyapige picha. Mwezi wa Februari 2025 watafiti wa Kaspersky walieleza programu hasidi waliyoiita SparkCat, iliyokuwa imejificha ndani ya programu za kawaida, nyingine zikiwa kwenye maduka rasmi ya Google na Apple. Kazi yake ilikuwa kupekua picha za simu, kusoma maandishi yaliyomo na kutafuta maneno ya pochi. Picha yako ya skrini iko pale pale kati ya picha za harusi.

Andika kwenye karatasi, basi. Ila karatasi na mchwa wa huku hazipatani, na mvua ya Aprili ikipata tundu kwenye bati hakuna cha kusoma. Mimi huwashauri watu wanunue seti ya herufi za chuma za kugongea kutoka kwa mafundi wa jua kali pamoja na kipande cha bati lisiloshika kutu, kisha wagonge wenyewe wakiwa wamefunga mlango. Wenyewe! Kuna aliyetaka kumpa fundi orodha amgongee. Habari njema ni kwamba orodha ya maneno yanayotumiwa na pochi nyingi ina maneno 2048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kutofautisha kila neno na mengine, kwa hiyo kazi ni fupi kuliko inavyoonekana.

Tukija kwenye usalama wa mwili, Ufaransa imetuonyesha mambo yanakoelekea. Januari 2025, David Balland, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, kampuni inayotengeneza vifaa vya kuhifadhia kripto, alitekwa nyumbani kwake pamoja na mkewe. Watekaji walimkata kidole ili kudai fidia kabla polisi hawajawaokoa. Kampuni hiyo hiyo mwaka 2020 ilivujisha majina na anwani za nyumbani za wateja wapatao 270,000. Fikiria: umenunua kifaa cha kujilinda, na orodha ya wenye vifaa hivyo pamoja na milango yao iko mikononi mwa wahuni.

Kwetu mbinu ni ya chini zaidi, na inafanya kazi vizuri mno: mchele, yaani dawa ya kulewesha. Unawekewa kwenye kinywaji klabuni, unalala, na kidole chako kinafungua simu bila wewe kuulizwa. Kwa sababu hiyo programu zangu za pesa hazifunguki kwa kidole wala uso, zinataka nambari iliyo kichwani. Nikitoka jioni, simu ya akiba ndiyo naibeba, na ndani yake kuna cha kutosha kumridhisha mwizi tu.

Akiba kubwa nimeiweka nisiweze kuitoa peke yangu usiku mmoja. Kuna pochi za funguo tatu ambapo lazima mbili zikubaliane. Ufunguo mmoja uko nami, mwingine uko mbali na mjini, wa tatu sitaji. Ukinishika mtaa wa Section 58 saa sita usiku, hata nikitaka kukupa siwezi. Jambo hili wengi huliona ni usumbufu, na kweli ni usumbufu, hasa ukiwa na ada ya shule Jumatatu. Kwa mwenye dola mia mbili sioni haja yake. Na ukitishwa, ndugu yangu, toa ulicho nacho bila ubishi, kisha ripoti, upewe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Nyumbani tuna neno letu la siri pia. Sauti ya mtoto sasa inaigizwa kwa kompyuta, na simu ya kilio inayotaka pesa haijibiwi bila neno hilo. Mama alicheka nilipomweleza, lakini ndiye anayelikumbuka kuliko sisi sote.

Kama umeshaibiwa, ripoti kituoni, na unaweza kupigia DCI bila malipo kwa 0800 722 203. Beba nambari ya muamala na anwani ya pochi iliyopokea sarafu. Polisi akikosa hivyo hana pa kuanzia. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inakuruhusu kushtaki, na Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini sheria ya kusimamia kampuni za mali za kidijitali, ila zote mbili hazirudishi sarafu zilizokwisha ondoka. Kisha jiandae: ndani ya siku chache atakutafuta mtu mpole anayejiita mtaalamu wa kurejesha kripto, mwenye ushuhuda wa watu aliowasaidia. Atataka ada ndogo kwanza. Huyo ni mwizi wa pili, na aghalabu jina lako amepewa na wa kwanza.